Kuiga redio kwenye kompyuta kabla ya kulehemu: mwongozo kamili wa kukamata upotoshaji wa mawimbi

Redio ya bei nafuu iliyo mjini, karibu na minara, ina ugonjwa mmoja unaojulikana: stesheni moja inasikika mahali patatu kwenye bendi, na pengine stesheni mbili zinaongea kwa pamoja pale ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Aliyeko kwenye miteremko ya Menengai pale Nakuru, au upande wa Riat juu ya Kisumu, anaujua vizuri. Wengi hukimbilia kubadilisha antena, au wananunua busta, na mambo yanaharibika zaidi. Kompyuta ya kawaida yenye RAM ya GB 4 inaweza kukuonyesha chanzo kabla hujatoa shilingi, mradi ujue namna ya kuiuliza na namna ya kutoiamini haraka.

Neno la mwisho hilo ndilo muhimu. Programu ya kuiga saketi haikatai kutoa jibu. Ukiipa hatua ndefu mno za muda, itakuchorea grafu nzuri yenye upotoshaji ambao haupo, au itaficha uliopo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na saketi ambayo jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi. Kompyuta ikikosa jibu hilo, usiendelee mbele.

Vifaa

Kwenye Ubuntu au Debian, amri moja inatosha:

```
sudo apt install ngspice python3-numpy python3-scipy python3-matplotlib
```

Anayetumia Windows anaweza kuchukua LTspice, ambayo ni ya bure, na Python ya kawaida. KiCad nayo huja na ngspice ndani yake. Zote mbili, ngspice na LTspice, ni aina za SPICE, yaani programu ya kuiga saketi. GNU Radio ni nzuri ukishafika hatua ya kusikiliza mawimbi halisi, lakini kwa kazi ya hapa itakuongezea mzigo tu.

Kwanza, jua ni nguvu kiasi gani inaingia

Hesabu hii watu huiruka, na bila hiyo simulesheni yote haina maana. Nguvu tutaipima kwa dBm, yaani desibeli kuanzia milliwati moja: 0 dBm ni milliwati 1, na −30 dBm ni mikrowati 1.

Tuseme kuna mnara wa FM unaorusha kilowati 5 kwa kipimo cha antena ya dipoli, nawe unauona kwa macho bila kilima katikati. Kilowati 5 ni 67 dBm. Ongeza 2.15 kwa dipoli ya mnara na 2.15 kwa dipoli yako, kisha toa upotevu wa njiani:

upotevu = 32.45 + 20 log(MHz) + 20 log(km)

Kwa 95 MHz na kilomita 3, upotevu ni takriban 81.5 dB, na kinachofika kwenye kebo yako ni karibu −10 dBm. Kwa kilomita 30 ni −30 dBm. Stesheni ya mbali iliyojificha nyuma ya mwinuko inaweza kuwa −70 au chini ya hapo. Redio yako basi inaombwa kusikiliza kitu cha −70 huku majirani kadhaa wakipiga kelele kwa −30, kila mmoja akiwa na nguvu mara elfu kumi zaidi. Shida yote imekaa kwenye pengo hilo.

Upande wa chini kuna kelele ya joto: −174 dBm kwa kila hezi moja. Kwa upana wa kHz 200 wa FM, ongeza 53, kisha ongeza kelele ya redio yenyewe, tuseme 6 dB. Sakafu yako ni −115 dBm. Stesheni ya −70 iko 45 dB juu ya sakafu. Haihitaji busta hata kidogo, inahitaji kulindwa dhidi ya majirani.

(Kwenye AM na mawimbi mafupi hoja hii ina uzito zaidi. Radi za ukanda wa Ziwa Victoria na nyanda za Kericho zinaleta kelele ya angani iliyo juu sana ya kelele ya transista yoyote. Kuhangaikia transista isiyo na kelele hapo ni kupoteza pesa.)

Jaribio la toni mbili: jibu unalolijua tayari

Transista ya kawaida hupitisha mkondo unaokua kwa kipeo kadiri volti za besi zinavyopanda. Ukiingiza toni mbili, f1 na f2, mkunjo huo unazaa toni mpya. Zinazouma ni 2f1 − f2 na 2f2 − f1, kwa sababu zinaangukia jirani kabisa na zile za kwanza na hakuna kichujio cha mlangoni (pale antena inapoingilia) kitakachozizuia. Hii ndiyo intamodulesheni ya daraja la tatu.

Kwa transista isiyo na rezista kwenye emita, hesabu inatoa uwiano safi: ukubwa wa toni ya uongo ukigawanywa kwa toni ya kweli ni x²/8, ambapo x ni kilele cha volti za toni moja kikigawanywa kwa milivolti 25.9 (volti ya joto kwa nyuzi 27, ambalo ndilo joto la kuanzia la SPICE). Kwa toni za milivolti 2 kila moja, jibu ni −62.5 dB. Andika namba hiyo mahali.

Sasa hifadhi hii kama `toni.cir`:

```
* toni mbili kwenye transista moja
V1 a 0 SIN(0 2m 1meg)
V2 b a SIN(0 2m 1.1meg)
VB c b 0.655
Q1 k c 0 QX
RL vcc k 1k
VC vcc 0 9
.model QX NPN(IS=1e-14 BF=100)
.options reltol=1e-6 abstol=1e-14 vntol=1e-9
.control
tran 1n 110u 10u 1n
linearize v(k)
wrdata matokeo.txt v(k)
quit
.endc
.end
```

Volti 0.655 kwenye besi zinatoa mkondo wa takriban mA 1. Transista ni ya kubuni kwa makusudi: haina kapasita za ndani wala ukinzani wa besi, ili ilingane na hesabu ya karatasi. Mstari wa kwanza wa faili la SPICE huwa ni kichwa, hausomwi kama saketi. Ukianza moja kwa moja na V1, chanzo hicho kitapotea.

Masafa hayakuchaguliwa ovyo. MHz 1.0 na 1.1 zote ni vizidishi vya kHz 100, kwa hiyo wimbi zima linajirudia kila mikrosekunde 10. Tunarekodi mikrosekunde 100 kamili, mizunguko 10 isiyopungua wala kuzidi, na kila toni inakaa sawasawa kwenye kisanduku chake cha kHz 10. Ukirekodi mikrosekunde 97, nguvu ya toni kubwa inavuja na kufunika ndogo. Mikrosekunde 10 za mwanzo zinatupwa ili saketi itulie.

Endesha `ngspice toni.cir`, halafu Python:

```
import numpy as np
v = np.loadtxt("matokeo.txt")[:100000, 1]
S = np.abs(np.fft.rfft(v - v.mean()))
def db(f): return 20*np.log10(S[round(f/10e3)])
print(db(0.9e6) - db(1.0e6))
print(db(1.2e6) - db(1.1e6))
print(db(1.05e6) - db(1.0e6))
```

Namba mbili za kwanza zinatakiwa ziwe −62.5, au tofauti ya sehemu chache za kumi. Ya tatu ni kipimo cha uaminifu: kwenye MHz 1.05 hakuna toni yoyote inayoweza kuzaliwa, kwa hiyo unachokiona hapo ni uchafu wa hesabu za kompyuta yenyewe. Iwe angalau 30 hadi 40 dB chini ya toni za uongo. Isipokuwa hivyo, unapima kikokotoo chako, hupimi transista.

Kisha badilisha `2m` zote mbili kuwa `4m`. Uwiano upande kwa 12 dB na kufika karibu −50.5. Toni zikiongezeka 6 dB, za uongo huongezeka 18. Ukiona mwendo tofauti na huo, umeshapita eneo la mawimbi madogo au hatua zako za muda ni ndefu.

Yanayoharibika hapa, na kwa nini

Kosa linaloongoza ni `M`. Ndani ya SPICE, `1M` ni moja ya elfu, sawa na `1m`. Megahezi huandikwa `meg`. Ukiandika `SIN(0 2m 1M)` utapata wimbi linalozunguka mara moja kila sekunde elfu moja, na grafu itakuwa mstari ulionyooka.

Wa LTspice, ongeza `.options plotwinsize=0` na `.options numdgt=7`. Bila ile ya kwanza programu inabana data ili kuokoa nafasi kwenye diski, na ubanaji huo unainua sakafu ya FFT (hesabu inayotenganisha wimbi kuwa toni zake) kiasi kwamba toni ya −62 dB inaweza kuzama. Watu wengi wamelaumu transista isiyo na hatia kwa sababu ya mstari huo mmoja.

`reltol` (kosa ambalo programu inalivumilia) ya kawaida ni 0.001, ambayo inatosha kuona taa ikiwaka lakini haitoshi kupima kitu kilicho mara elfu chini ya kingine. Iteremshe hadi 1e-6. Usishuke zaidi bila sababu, maana programu itaanza kulalamika kwamba hatua ya muda ni ndogo mno na kusimama.

Osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi lake yenyewe, ina tabia yake. Haitaki kuanza kwenye simulesheni kwa sababu hakuna kelele ya kuisukuma, kwa hiyo ipe teke dogo, kwa mfano chanzo cha umeme kinachopanda kutoka sifuri. Kwa kukokotoa hatua za muda, tumia njia ya trapezoidi. Njia ya Gear inanyonya nguvu ya wimbi kihesabu, na osileta ambayo ingefanya kazi mezani inakufa kwenye skrini.

Kuhusu vichujio vya kristali, usivitie kabisa kwenye simulesheni ya muda. Kristali ya MHz 9 yenye Q (kipimo cha ukali wa kichujio) ya 100,000 ina muda wa kutulia wa milisekunde 3.5, ukingoja mara tano ya huo ni mizunguko kama 160,000, na kwa nukta 50 kila mzunguko unapata nukta milioni 8 kabla hata ya kuanza kupima. Pima kichujio peke yake kwa `.ac` (kipimo cha mwitikio kwa kila masafa), kisha mwitikio wake uupeleke Python.

Ongeza rezista ya emita uone tofauti

Rudi kwenye faili. Ondoa Q1, weka:

```
Q1 k c e QX
RE e 0 100
```

Pandisha VB hadi 0.756 ili mkondo ubaki mA 1, na toni zifanye milivolti 10 kila moja. Bila rezista, toni za milivolti 10 zingetoa −34.6 dB. Ukiwa na ohmu 100, hesabu inasema takriban −73. Umelipa karibu 14 dB za ukuzaji na umepunguza uwiano wa upotoshaji kwa 38. Ni biashara nzuri, hasa ukikumbuka kwamba mjini ukuzaji unao wa kumwaga.

Jaribu pia ohmu 13, VB ikiwa 0.668. Utashangaa: toni za uongo zinakaribia kutoweka. Si muujiza. Rezista ikiwa nusu ya ukinzani wa ndani wa emita, sehemu mbili za daraja la tatu zinafutana. Usijenge redio juu ya jambo hili. Mkondo ukihama kidogo, joto la mchana wa Kisumu likiingia kwenye boksi, au masafa yakipanda hadi MHz 100 ambako kapasita za ndani zinageuza awamu, mfutano huo unavunjika. Ni mfano mzuri wa jibu ambalo kompyuta inalitoa kwa usahihi na bado halifai.

Baada ya hapo ndipo uweke transista halisi. Modeli ya 2N3904 ipo ndani ya LTspice, na inafaa kwa AM na mawimbi mafupi. Kwenye FM imechoka: masafa ambayo ukuzaji wake wa mkondo unashuka hadi moja ni MHz 300 hivi, kwa hiyo kwenye MHz 100 umebaki na ukuzaji wa kama 3. S9018, inayopatikana kwa wingi kwenye redio za Kichina zilizokufa, ndiyo ya kazi hiyo.

Kuhama kutoka saketi hadi redio nzima

Kuiga redio nzima ya FM ndani ya SPICE, kuanzia antena hadi spika, ni kujitesa. Mawimbi ya MHz 100 yanahitaji hatua za sehemu ndogo za nanosekunde, na sauti inahitaji milisekunde nyingi. Njia ya watu wa kazi ni kupima kila hatua kwenye SPICE, kuifupisha kuwa namba mbili au tatu, na kuziunganisha kwenye Python.

Namba kuu ni kiwango cha makutano cha daraja la tatu, yaani nguvu ya kuingia ambayo, kama mistari ingeendelea kunyooka, toni za uongo zingelingana na za kweli. Kwa transista tupu ni kilele cha milivolti 73, sawa na −12.7 dBm kwenye ohmu 50. Ukiwa na ohmu 100 kwenye emita inafika takriban +6.5 dBm. Ukishaijua, toni ya uongo kwa kipimo cha mlangoni ni:

uongo = 3 × nguvu ya toni − 2 × makutano

Majirani wawili wa −30 dBm kwenye transista tupu wanazaa stesheni ya uongo ya −64.6 dBm. Stesheni yako ya −70 imezidiwa kwa 5 dB. Busta ya 15 dB mbele ya mlango kama huo inashusha makutano ya mfumo hadi karibu −28 dBm, na toni ya uongo inaruka hadi −34. Ndiyo sababu busta inayosaidia mtu wa bondeni kule Njoro inamwangamiza mtu wa mjini.

Namba hiyo tunaiweka kwenye modeli ya redio. Hatuigi MHz 97.7 yenyewe. Tunaiga bahasha changamano (mabadiliko ya ukubwa na awamu ya wimbi) kuizunguka, ili sampuli milioni 64 kwa sekunde zitoshe bendi yote ya MHz 87.5 hadi 108 pamoja na toni za uongo zinazosambaa mara tatu ya upana wake.

```
import numpy as np
from scipy.signal import resample_poly, firwin, lfilter

fs, N = 64e6, 2**22
t = np.arange(N)/fs
kati = 97.7e6
punguza = 0          # dB za atenueta (kipunguza mawimbi) mlangoni

def volti(dbm):
    return np.sqrt(2*50*1e-3*10**(dbm/10))

def stesheni(f, dbm, toni):
    fai = 2*np.pi*(f-kati)*t + 75e3/toni*np.sin(2*np.pi*toni*t)
    return volti(dbm - punguza)*np.exp(1j*fai)

z  = stesheni(92.1e6, -30, 400)
z += stesheni(94.9e6, -30, 1000)
z += stesheni(97.7e6, -70, 700)

s = np.sqrt(50*4e-21*10**0.6*fs)      # kelele, 6 dB
z += s*(np.random.randn(N) + 1j*np.random.randn(N))

A3 = 0.0731                            # makutano, volti za kilele
y = z + z*np.abs(z)**2/A3**2

w = ('kaiser', 10)
y = resample_poly(y, 1, 16, window=w)
y = resample_poly(y, 1, 8, window=w)
y = lfilter(firwin(201, 110e3, fs=500e3), 1, y)[300:]

sauti = np.angle(y[1:]*np.conj(y[:-1]))
W = np.abs(np.fft.rfft(sauti*np.hanning(len(sauti))))
f = np.fft.rfftfreq(len(sauti), 1/500e3)
for x in (400, 700, 1000):
    print(x, 20*np.log10(W[np.argmin(abs(f-x))]))
```

Masafa haya ni ya mfano tu. Weka ya stesheni zinazosikika kwako. Yamechaguliwa kwa sababu mara mbili 94.9 ukitoa 92.1 unapata 97.7 kamili, juu ya stesheni tunayoitaka. Kila stesheni imepewa mlio wake ili ujue nani anaongea: tunataka kusikia 700.

Endesha mara ya kwanza kwa `punguza = 0`. Milio ya 400 na 1000 imevamia sauti ya 97.7. Zaidi ya hapo, stesheni ya 94.9 imeingia mara mbili kwenye fomula, kwa hiyo mchepuko wake (umbali ambao masafa yanayumba kwa sauti) umekuwa maradufu, kHz 150 badala ya 75. Unatoka nje ya kichujio na kurudi, na ndiyo sababu stesheni za uongo hukwaruza hata zikiwa na nguvu. Ukisikia mkwaruzo wa namna hiyo kwenye redio halisi, shuku intamodulesheni kabla ya kushuku spika.

Sasa weka `punguza = 10`. Stesheni yako imeshuka hadi −80, lakini ya uongo imeshuka kwa 30 hadi −94.6. Ulikuwa umezidiwa kwa 5 dB, sasa unaongoza kwa karibu 15, na bado uko 35 dB juu ya kelele. Mlio wa 700 unatawala. Kupunguza mawimbi kumeboresha upokeaji.

Tahadhari mbili. Modeli hii ya mchemraba ni halali pale tu majirani wakiwa angalau 10 dB hivi chini ya makutano. Kwa mtu aliye kilomita 3 kutoka mnarani, na −10 dBm mlangoni, itatoa upuuzi, rudi SPICE. Pia usifute `window=w`. Kichujio ambacho `resample_poly` hutumia isipoambiwa lolote kinazuia kama 50 hadi 60 dB tu, na jirani wa −30 anaweza kujikunja na kuingia kwenye stesheni yako kwa njia ambayo haipo kwenye redio yoyote.

Kila safu ya data hapa ni kama MB 67, na programu inashika kadhaa kwa pamoja. Kompyuta ikianza kukwama, punguza N hadi `2**21`.

Miksa: kivuli na nusu ya masafa ya kati

Redio ya FM ya kawaida hugeuza stesheni kuwa MHz 10.7, yaani masafa ya kati, kwa miksa inayoichanganya na wimbi la osileta. Kwa kusikiliza 93.3, osileta iko 104.0. Lakini 114.7 nayo iko umbali wa 10.7 kutoka 104.0, upande wa pili. Hiyo ndiyo masafa ya kivuli, na inaangukia kwenye bendi ya vifaa vya kuongozea ndege. Saketi moja ya koili na kapasita yenye Q ya 40 mlangoni inaizuia kwa takriban 24 dB. Mbili, karibu 49. Kwenye `.ac` utaona hilo kwa dakika moja, lakini ipe koili yako ukinzani wake halisi. Koili isiyo na ukinzani itakuahidi mambo ya peponi.

Lisilojulikana sana ni nusu ya masafa ya kati. Miksa hutengeneza pia mara mbili ya osileta na mara mbili ya stesheni. Stesheni iliyoko MHz 98.7 ikiwa na nguvu: 2 × 104.0 − 2 × 98.7 = 10.6, ambayo iko kHz 100 tu kutoka 10.7, ndani ya kichujio cha seramiki chenye upana wa kHz 280. Kichujio cha mlangoni hakisaidii sana kwa sababu 98.7 iko ndani ya bendi. Dawa yake ni miksa iliyosawazishwa. Ili kuzikamata zote, andika kitanzi kifupi kinachopitia m na n kutoka 1 hadi 5, kikikagua kama |m × osileta − n × stesheni| iko ndani ya kHz 150 za 10.7, kwa kila stesheni ya mji wako.

Kichujio cha seramiki chenyewe kinataka ohmu 330 kila upande. Kikipewa 50 upande mmoja, kilele chake kinakuwa na mawimbimawimbi na ucheleweshaji haulingani kwenye upana wake. Kwenye FM huo ni upotoshaji wa sauti moja kwa moja, hata kama hakuna jirani yeyote.

Osileta nayo ina kelele pembeni. Ikiwa na −120 dBc (desibeli kulinganisha na wimbi lake lenyewe) kwa kila hezi pale kHz 400 kutoka katikati, jirani wa −25 dBm aliye hapo ataleta −25 − 120 + 53 = −92 dBm za kelele kwenye stesheni yako, 23 dB juu ya sakafu. Hakuna makutano mazuri yatakayokuokoa na hilo. Atenueta itapunguza kelele hiyo na stesheni kwa kiasi kilekile.

Kulinganisha na redio iliyo mezani

Jenga atenueta ya 10 dB: rezista ya ohmu 68 katikati, na ohmu 100 kila upande kwenda gaundi. Kwa ohmu 50 inakaribia sana thamani kamili, 71 na 96. Kwa kebo ya TV ya ohmu 75, tafuta zilizo karibu na 107 katikati na 144 pembeni. Iweke kati ya antena na redio, kisha sikiliza ile stesheni ya uongo.

Ikitoweka au ikadhoofika kupita kiasi wakati za kweli zimepungua kidogo tu, inazaliwa ndani ya redio, na kila ulichoiga hapo juu kinakuhusu. Ikishuka sambamba na za kweli, inafika ikiwa imeshatengenezwa nje. Hapo kagua viungo vya antena, nyaya za ua, na mabati: misumari yenye kutu kwenye paa la mabati karibu na mnara hufanya kazi ya dayodi, inachanganya mawimbi na kuyarusha upya. Hakuna faili la SPICE litakalokuonyesha hilo, kwa hiyo sogeza antena mita chache mbali na paa na upime tena.